Kutoka Tengeru hadi maabara ya ughaibuni: mwongozo kamili kwa mtafiti wa nishati jadidifu

"Shikamoo kaka, kuna skolashipu yoyote ya nishati huko nje?"

Ujumbe wa namna hii naupata karibu kila wiki, kutoka kwa vijana wa Tengeru, wa Chuo cha Ufundi Arusha, wa Moshi mjini, na mwalimu mmoja wa fizikia kule Rombo ambaye hachoki kuuliza. Wote nawajibu kwa swali: wewe unataka kuchunguza nini? Wengi hunyamaza siku mbili tatu, kisha hurudi na jibu la "nishati jadidifu." Hilo ni jina la soko zima. Profesa wa Ujerumani au Japani anataka kujua umekuja kununua nini, na una nini mkononi.

Nasema hivyo kwa uchungu, maana yalinikuta. Mwaka wa kwanza nilituma barua pepe kwa maprofesa zaidi ya 40, barua ileile, nikibadilisha majina tu. Alijibu mmoja, kwa mstari mmoja: unataka kuchunguza nini hasa? Sikuwa na la kumjibu. Wakati huohuo, kwenye daftari langu, nilikuwa na vipimo vya miezi minne vya paneli za umemejua za zahanati moja wilayani Monduli: umeme unaotoka kabla paneli hazijafutwa vumbi, na baada ya kufutwa. Sikujua kwamba daftari lile lilikuwa na thamani kuliko barua zangu zote 40. Mwaka uliofuata niliandikia watu sita tu, nikianza na vipimo vile. Wanne walijibu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na orodha ya wafadhili. Ukianza na mfadhili, utaunda swali la kumfurahisha mfadhili, na wasomaji wa maandiko huliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Anza na swali lako, litafutie mtu, halafu mtu huyo mtafutie fedha. Ukitaka kuondoka Septemba ya mwaka fulani, anza kazi miezi 18 kabla.

Hatua ya kwanza: tafuta swali linaloishi hapa

Sisi wa Arusha na Kilimanjaro tumekalia maswali ambayo maabara kubwa duniani hazina njia ya kuyapata bila sisi. Tazama maji. Mito inayoshuka kutoka Meru na Kilimanjaro huingia bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mtambo wa megawati 8, kisha Mto Pangani hushuka hadi Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Njiani kuna mifereji ya wakulima, mashamba makubwa, na miji inayokua. Mkulima wa mpunga wa Moshi chini na mtambo wa Hale wanagombania maji yaleyale. Anayeweza kukokotoa mgawanyo huo, kwa takwimu za mvua na za mifereji, ana mada ya uzamivu ambayo idara nyingi za rasilimali za maji Ulaya zingeipokea.

Au tazama jikoni. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Lengo ni la kitaifa, lakini mama lishe wa soko la Kilombero hapa Arusha anaamua kwa bei ya mkaa wa leo asubuhi. Kwa nini mtu mwenye jiko la gesi bado ananunua mkaa wa kuivishia maharage? Hilo ni swali la uhandisi, la uchumi na la mapishi kwa pamoja, na watafiti wa nje hulikosea mara kwa mara kwa sababu hawajawahi kuivisha maharage ya makande.

Kuna bayogesi pia. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini hapa Arusha, wamefanya kazi ya mitambo ya bayogesi ya majumbani kwa miaka mingi, na familia zinazofuga ng'ombe wa ndani kule Meru na Hai ndizo hasa zinazofaa kwayo. Lakini bakteria wanaozalisha gesi hupunguza kasi baridi ikizidi, na miezi ya Juni na Julai kwenye miinuko unaijua. Unaweza kuupasha mtambo joto kwa maji ya jua? Kwa gharama gani? Mtu anaweza kuanza kupima kesho, nyumbani kwa shangazi.

Mengine nayataja harakaharaka. Makapi ya kahawa ya viwanda vya Moshi. Bagasi, yaani makapi ya miwa iliyokamuliwa, kule kiwanda cha sukari cha TPC, ambacho huzalisha umeme wake chenyewe. Betri chakavu za mifumo ya umemejua ya majumbani, ambazo hakuna anayejua zinakoishia. Jotoardhi ya Bonde la Ufa, ikiwemo ile ya Ziwa Natron. Chagua kimoja. Usichague viwili.

Hatua ya pili: kuwa na kitu mkononi

Vipimo vyako vidogo, vilivyoandikwa vizuri, vina nguvu kuliko sifa zako zote. Kifaa cha kupimia volteji na ampea, kipimajoto, daftari lenye tarehe na saa, picha za mahali: kwa maswali mengi hivyo vinatosha kuanza. Andika na siku ulizokosea au mvua ilipokuzuia, maana mtafiti mzoefu huamini zaidi daftari lenye mapengo yaliyoelezwa kuliko jedwali lisilo na doa.

Kutokana na vipimo hivyo andika kurasa mbili: swali, nilichopima, nilichoona, nisichoweza kupima nikiwa hapa. Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu inaeleza kwa nini unahitaji maabara ya nje. Kama chombo unachokihitaji kipo Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, au kwenye kituo cha Kikuletwa cha Chuo cha Ufundi Arusha, wilayani Hai, kitumie kwanza. Na ukiweza, geuza kurasa hizo kuwa makala pamoja na mhadhiri wako. Epuka majarida yanayokuandikia barua pepe yenyewe na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa dola. Makala ya huko haikusaidii, na kwa msomaji makini inakuharibia. Fungua pia akaunti ya ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, na inazuia kazi zako kuchanganywa na za mwenye jina kama lako.

Kama unaona haya mambo ni ya watu wengine, mkumbuke Askwar Hilonga. Alisomea uzamivu wa nanoteknolojia Korea Kusini, akarudi kufundisha Tengeru, na chujio lake la maji likashinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Swali lake lilitoka kwenye maji ya huku kwetu.

Hatua ya tatu: jua mlango wa kimo chako

Hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima, wakiomba nafasi isiyo ya ngazi yao.

Kama una shahada ya kwanza na unafanya kazi, itazame DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, hasa mpango wake wa EPOS wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo. Masharti yake yanamfaa mwajiriwa: kwa kawaida uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, na shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka 6. Wanaomaliza chuo leo wakaomba kesho hukataliwa, na wanaosubiri mno pia hukataliwa, basi hesabu miaka yako. Kwa nishati, chuo cha Oldenburg kina kozi ya uzamili ya nishati jadidifu iliyoanza mwaka 1987, wakati dunia kubwa ilikuwa bado haijalitilia jambo hili maanani. DAAD wana ofisi ya kanda Nairobi, ambako ni karibu na Arusha kuliko Dar es Salaam. Kozi za pamoja za Erasmus Mundus, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, nazo ni za ngazi hii, na zinakupitisha kwenye nchi zaidi ya moja.

Usidharau bara letu. Umoja wa Afrika una taasisi ya maji na nishati, PAUWES, pale Tlemcen, Algeria, yenye ufadhili kwa vijana wa nchi wanachama. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri wa Afrika cha nishati kwa maendeleo endelevu. Nimeona watu wakizikataa nafasi hizi kwa kuwa "si Ulaya," kisha wakakaa nyumbani miaka mitatu.

Kwa uzamivu, elewa kwanza tofauti moja kubwa. Uswidi, Norwei, Denmark na Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara. Nafasi hutangazwa kama ajira nyingine, na huombwa kama ajira, kwa kujibu tangazo hatua kwa hatua. Kwa hiyo hutafuti skolashipu huko, unatafuta kazi. Lango la mtandaoni la EURAXESS linakusanya matangazo mengi ya aina hii bila malipo. Humo pia utakuta mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, inayopokea watu wa taifa lolote kwa sharti kwamba hujapata uzamivu tayari, na hujaishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa aliyekaa Arusha maisha yake yote, sharti hilo ni faida.

Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao ngazi yake ya uzamivu inazilenga nchi zenye maendeleo madogo, Tanzania ikiwemo. Dirisha lake kwa kawaida hufungwa Oktoba. Japani ina MEXT, ufadhili wa serikali yake unaopitia ubalozini Dar es Salaam, wenye kikomo cha umri wa miaka 35. Saudi Arabia ina KAUST, chuo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 2009 kando ya Bahari ya Shamu, ambako kila mwanafunzi anayekubaliwa hulipiwa masomo na kupewa posho, na maabara zake za umemejua si za kawaida.

Dada zangu, kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia. Linafadhili uzamivu wa mwanamke kwenye nchi nyingine inayoendelea, na lina mpango wa kugawa muda: unabaki mwanafunzi wa chuo chako cha nyumbani, unakwenda kwenye maabara ya mwenyeji kwa vipindi. Kwa mama mwenye watoto wadogo, au mtumishi ambaye mwajiri hatampa ruhusa ya miaka minne mfululizo, ninaipendekeza hii kabla ya nyingine zote. Na kwa wote wenye familia, soma kipengele cha posho ya familia kabla hujachagua. DAAD, Marie Curie na wakfu wa Humboldt ninaoutaja hapa chini wanacho.

Aliyekwisha kupata uzamivu ana milango miwili mikubwa. Wakfu wa Alexander von Humboldt hupokea maombi mwaka mzima. Mtafiti kijana awe ndani ya miaka 4 tangu apate uzamivu, mzoefu ndani ya miaka 12, na wote wawe na mwenyeji Ujerumani aliyekubali. Wa pili ni Marie Curie ya baada ya uzamivu, ambayo hufungwa Septemba na huandikwa kwa pamoja na mwenyeji wako. Andiko lake si la wiki mbili. Mwenyeji mzuri atataka kulianza Mei.

Na wa jotoardhi, mlango wenu uko pembeni na wengi hawaujui: Iceland ina programu ya mafunzo ya jotoardhi, GRÓ GTP, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1979. Hudumu takriban miezi sita, na waliopitia hapo wanaweza kuombea uzamili au uzamivu kwenye vyuo vya huko. Hauombi mwenyewe kutoka nyumbani. Mwajiri wako, katika taasisi inayohusika na jotoardhi, ndiye anayekupendekeza. Mkuu wako wa kazi asipoijua programu hii, mpelekee maelezo yake.

Hatua ya nne: mwandikie mtu

Tafuta makala tatu au nne za miaka ya karibuni zinazogusa swali lako, uzisome hadi mwisho, utazame nani ameziandika. Anayeongoza kundi mara nyingi ndiye jina la mwisho, lakini jina la kwanza, yaani mwanafunzi aliyefanya kazi yenyewe, hujibu haraka zaidi. Mwandikie na yeye, muulize maisha ya maabara ile yakoje. Majibu yake yanaweza kukuokoa na msimamizi mkali asiye na muda.

Barua iwe fupi, mistari isiyozidi 15, kwa Kiingereza au lugha ya kazi ya maabara ile, na yaliyomo yawe hivi:

"Profesa, mimi ni mhandisi wa umeme ninayeishi Arusha, Tanzania. Makala yako ya vumbi kwenye paneli imechunguza mchanga wa jangwani. Vumbi la Monduli, ninakopima mimi, linatokana na majivu ya volkano, na baada ya umande wa asubuhi huganda kiasi kwamba upepo hauliondoi. Nina vipimo vya miezi minne vya zahanati moja, nimeviambatisha katika kurasa mbili. Sina chombo cha kuonyesha muundo wa chembe zake. Ningependa kujua kama swali hili linaingia kwenye kazi za kundi lako, na kama ungekuwa tayari kuwa mwenyeji wangu nikiomba ufadhili."

Humo hamna "tangu utotoni nimependa sayansi," wala kuomba msaada. Sisi tumelelewa kuanza kwa salamu ndefu na kujishusha mbele ya mkubwa, na hapa nyumbani hiyo ni heshima. Profesa wa ugenini huona aya mbili za salamu akafunga barua. Salimia kwa sentensi moja, ingia kwenye jambo. Asipojibu baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja. Baada ya hapo mwache.

Akijibu, ataomba mwongee kwa video. Hakikisha una umeme na mtandao wa uhakika. Mimi niliomba chumba cha ofisi ya rafiki katikati ya mji, kwa sababu nyumbani mtandao ulikuwa unakatika.

Hatua ya tano: andiko na barua za wadhamini

Andiko linaloshinda lina kazi ya miezi, si ndoto. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu nitafanya nini, kwa chombo gani, nisipopata matokeo nitageukia wapi. Msomaji anataka kuona kwamba umefikiria kushindwa.

Barua za wadhamini ziombe mapema, wiki sita kabla. Mpelekee mhadhiri wako karatasi moja yenye kumkumbusha: ulisoma somo gani kwake, mradi wako ulikuwa nini, tarehe ya mwisho ni lini, kiungo cha kuwasilisha kiko wapi. Wahadhiri wetu wana wanafunzi wengi. Ukimwacha akumbuke mwenyewe ataandika "ni kijana mwenye bidii na nidhamu," maneno ambayo hayamtofautishi mtu na mwingine. Akikuambia uandike mwenyewe naye atie saini, mwombe kwa adabu angalau aongeze aya moja ya kwake.

Na neno kuhusu mawakala: DAAD, Humboldt, na Marie Curie hawatozi ada ya kuomba. Anayekuomba laki tatu "kukuunganishia" anakuuzia fomu ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Hatua ya sita: makaratasi, ambayo hayangoji

Pasipoti inataka namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Kama chako ni cha zamani na majina hayalingani na ya vyeti vya shule, rekebisha sasa, kabla ya kitu kingine chochote. Herufi moja inayotofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na NIDA imewakwamisha watu ninaowafahamu wakiwa na barua ya kukubaliwa mkononi. Chukua transkripti rasmi zaidi ya moja, na nakala zilizothibitishwa na wakili.

Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huhesabika kwa miaka 2, basi usifanye mapema mno. Uliza kwanza chuo chako kama kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Vingine hukubali, na mtihani si wa bei ndogo.

Wa Uingereza wana vizuizi viwili vya ziada. Kwanza, kukaa zaidi ya miezi 6 kunadai cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Pili, kibali cha ATAS kwa masomo ya sayansi yanayohesabiwa kuwa nyeti, na humo huangukia mara nyingi kemia ya betri, vifaa vya umemejua na uhandisi wa kemikali. Hakilipiwi, ila huchukua wiki nyingi, na bila hicho huombi viza. Kiombe siku unayopata barua ya chuo.

Ujerumani, anayekwenda bila ufadhili huonyesha fedha kwenye akaunti maalumu inayomtolea kidogo kila mwezi: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Mwenye barua ya ufadhili kamili haihitaji. Balozi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya safari mbili, si moja. Mara nyingi kuna karatasi itakayorudishwa.

Hatua ya saba: kabla hujapanda ndege

Kama sehemu ya utafiti itafanyika huku, msimamizi wako wa kigeni atahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pamoja na mshirika wa Kitanzania. Mwambie mapema na umsaidie kumpata mshirika huyo. Usiache afike uwanja wa ndege wa KIA na vifaa vyake kwa viza ya utalii. Ukirudi na shahada, utaipeleka TCU, tume ya vyuo vikuu, itambuliwe, kwa hiyo tunza barua ya udahili, transkripti na hata stempu za pasipoti.

Sampuli za mimea, kama makapi ya kahawa au bagasi, hazivuki mpaka ndani ya begi la nguo. Nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, uulize cheti cha usafi wa mimea, na mwombe mwenyeji wako barua ya kibali cha kuingiza sampuli upande wake. Sampuli zifungashe zikiwa kavu kabisa. Kisha gawa kila sampuli mara mbili. Nusu nyingine iache nyumbani kwenye chombo kinachofunga, na lebo yenye tarehe, mahali ulipoichukua na jina lako. Mzigo ukipotea njiani, kazi haitaanza upya.